UZI: "Nitazame ninapokusemesha!" Usonji, macho ya watu na hisia za usoni

KandoYaDirisha (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Nina miaka 38. Niligundulika kuwa na usonji (autism) nikiwa na 31, na miaka yote ya kabla ya hapo nilikuwa "yule asiyetazama watu". Nimesoma nyuzi nyingi za wazazi humu bila kuchangia. Karibu kila uzi una swali hili: mtoto wangu hanitazami machoni, nifanye nini ili anitazame? Majibu huja mbio. Mshike kidevu. Mnyime anachotaka mpaka akutazame. Shikilia kitu anachokipenda karibu na macho yako. Juzi nilisoma ushauri huo kwa mara nyingine, usingizi ukanipaa. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu.

Nikiwa darasa la tatu kulikuwa na mwalimu aliyezoea kuninyanyua kidevu kwa vidole viwili. "Nitazame ninapokusemesha!" Nikamtazama. Niliona vishipa vyekundu kwenye weupe wa jicho lake la kushoto. Niliona kope zikifumba na kufumbua, na ndani ya mboni nikaiona sura yangu mwenyewe, ndogo, imepinda. Aliponiachia akauliza, "Haya, nimesema nini?" Sikuwa na hata neno moja. Nikaadhibiwa kwa kutosikiliza. Angeniacha nitazame dawati, ningemrudishia sentensi zake zote kwa mpangilio.

Ninachotaka kusema ndicho hicho, na mengine yote nitayaegemeza hapo. Kwa wengi wetu kutazama macho na kusikiliza ni kazi mbili zinazogombania mlango mmoja. Ukimlazimisha mtoto aifanye ya kwanza, unamnyang'anya ya pili, kisha unamlaumu kwa kuikosa.

Daktari Leo Kanner aliandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wenye usonji aliowachunguza Baltimore, Marekani, na daktari Hans Asperger wa Vienna akaandika mwaka uliofuata. Tangu hapo suala la macho halijatoka kwenye maelezo ya usonji. Limo hadi leo katika mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, miongoni mwa dalili za mawasiliano yasiyo ya maneno. Sina ugomvi nalo, maana dalili ni dalili. Ninachougulia ni kwamba kwa miongo mingi aliyeandika alikuwa mtu wa nje. Anaona macho hayakutani, anahitimisha kwamba huyu hajali watu. Waliotazamwa ndio hawakuulizwa.

Walipoanza kuulizwa, majibu yalikuwa mengine kabisa. Mwaka 2017 Dominic Trevisan na wenzake walikusanya maelezo ambayo watu wazima na vijana wenye usonji walikuwa wameyaandika wenyewe mtandaoni kuhusu kutazamana. Wapo waliosema wanahisi kuvamiwa, kana kwamba mtu ameingia chumbani bila kubisha hodi. Wapo waliosema mwili wenyewe unaitika, moyo unakwenda mbio na kichwa kinavurugika. Wengine walisema hawaumii chochote, ila hawajui watazame kwa muda gani na wakitazama waone nini. Kwangu mimi jicho la mtu ni kama redio iliyowekwa karibu mno na sikio. Maneno yapo, ila ukubwa wa sauti unafunika kila kitu kingine chumbani.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize tu.

BabaWaPekee

Dada, umenikuta pabaya. Mwanangu ana miaka saba, amethibitishwa usonji akiwa na minne. Kliniki tuliyoanzia walitufundisha hilo la kidevu, na zoezi la "nitazame" mara kumi kabla ya kupewa anachotaka. Nimelifanya kwa miaka miwili. Alikuwa akilia mwanzoni, baadaye akaacha kulia, nikadhani amezoea.

Maswali yangu ni mawili. Nikimwacha, si atabaki hivyohivyo hadi ukubwani? Na kama hanitazami, nitajuaje kwamba ananisikia?

KandoYaDirisha (mleta uzi)

Kaka, kwanza pole. Ulifundishwa na watu uliowaamini, ukafanya kwa kumpenda mwanao. Sikuhukumu hata kidogo.

Nianze na la pili. Mwombe mtu mzima yeyote asiye na usonji akufanyie 17 mara 24 kichwani huku anakutazama. Macho yake yatakuacha mara moja, yatakwenda darini au sakafuni, na yatarudi akishapata jibu. Mwanasaikolojia Gwyneth Doherty-Sneddon na wenzake wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi kwa watoto: swali likiwa gumu, macho yanakimbia uso wa muulizaji, kwa sababu uso una habari nyingi mno na akili inahitaji nafasi. Mwaka 2012 walionyesha kwamba watoto wenye usonji hufanya vivyo hivyo, yaani wanageuza macho zaidi pale kazi ya kufikiri inapokuwa nzito. Kwa hiyo mwanao akigeuka pembeni unapomuuliza jambo, huenda ndio kwanza ameanza kulifanyia kazi swali lako.

Utajuaje anakusikia? Kwa atakachofanya baada ya hapo. Mwambie jambo naye akiwa amekupa ubavu, kisha nyamaza. Nyamaza kweli, usirudie, hesabu moyoni hadi kumi au kumi na tano. Wazazi wengi hurudia swali baada ya sekunde mbili, na kila kurudia ni swali jipya linaloangukia juu ya lile la kwanza. Angalia mikono yake, imesimama? Angalia kichwa, kimeinama upande wako kidogo? Mimi nikisikiliza kwa dhati vidole vya miguu vinajikunja ndani ya viatu. Mama yangu aliligundua hilo kabla sijajua hata neno usonji, akawa anatazama miguu yangu badala ya macho.

Swali la kwanza ni gumu zaidi. Uwezekano upo kwamba atabaki hivyo, na pia upo kwamba siku moja atajipangia njia yake. Wengi wetu tunatazama nafasi kati ya nyusi, au pua, au mdomo, na mtu wa mbele yetu hajui tofauti. Hilo la kulia halafu kuacha kulia nalijua kwa ndani. Nami niliacha kulia. Nilijifunza kujiondoa, nikauacha mwili pale kidevu kikiwa mkononi mwa mtu.

Mdadisi

Nashukuru kwa uzi, lakini naomba tusiegemee upande mmoja. Unaeleza kana kwamba kila mwenye usonji anakimbia macho kwa sababu yanaumiza. Mwaka huohuo wa 2017 Jennifer Moriuchi, Ami Klin na Warren Jones walichunguza watoto wa miaka miwili. Waliwavuta kwanza wakatazama eneo la macho kwenye skrini, kisha wakapima kama wataruka haraka kwenda kwingine. Watoto wenye usonji hawakuruka. Waliendelea kutazama. Ingekuwa macho yanawaunguza wangekimbia. Watafiti walisema tatizo kwa umri huo ni kwamba macho hayabebi uzito wa pekee kwao. Hiyo si karibu na ile "hajali" unayoilalamikia?

KandoYaDirisha (mleta uzi)

Mdadisi, nashukuru umeuleta utafiti huo. Ningejiona mdanganyifu kama ungepita uzi huu bila kutajwa.

Naukubali. Ila uuweke karibu na mingine. Mwaka 2005 Kim Dalton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwaweka vijana wenye usonji kwenye skana ya ubongo wakiangalia picha za nyuso. Kadiri walivyokaa muda mrefu kwenye macho, ndivyo amigdala ilivyochangamka zaidi. Amigdala ni kijisehemu cha ndani ya ubongo kinachohusika na uzito wa hisia, hatari ikiwemo. Mwaka 2017 Nouchine Hadjikhani na wenzake wakatumia video za nyuso. Mara waliwaacha watu watazame popote, mara waliweka alama ndogo ya msalaba ili jicho lielekee kwenye macho ya yule wa kwenye skrini. Lilipoelekezwa hapo, njia ya ndani ya ubongo inayopokea nyuso ilichangamka kupita kiasi kwa wenye usonji, zaidi kwa uso wa hofu, lakini hata kwa uso wa furaha.

Sasa tazama umri. Wako walikuwa na miaka miwili, hawa ni vijana na watu wazima. Kuna na utafiti wa mwaka 2013 wa Jones na Klin, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa. Wale waliokuja kuthibitishwa usonji walianza wakitazama macho kama watoto wengine, kisha kati ya mwezi wa 2 na wa 6 kutazama huko kukawa kunapungua kidogokidogo. Mimi nadhani, na hili ni wazo langu mwenyewe, yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa nyakati mbili. Mtoto mchanga ambaye macho hayamvuti hujifunza uso kwa njia nyingine. Baadaye anakutana na watu wanaomdai macho kwa nguvu, siku baada ya siku, kwa adhabu na kwa kejeli. Akifika kumi na tano macho hayo yameshabeba historia.

Na hata pale ambapo macho hayamvuti mtoto, "hayamvuti" haina maana ya "hakupendi". Mtoto anayekuja kukaa akigusanisha mgongo wake na goti lako, akicheza na vitu vyake, amekuchagua wewe kati ya watu wote waliomo nyumbani.

NatazamaSana

Hodi wakuu. Mimi nina usonji na tatizo langu liko upande wa pili, nakodoa. Nikianza kumtazama mtu sijui niache lini. Nimeitwa mshari, nimeitwa mtongozaji, wakati mimi najaribu tu kuwa mwema kama nilivyofundishwa, "mtazame mtu anapoongea."

Nikaamua kuhesabu. Sekunde tatu machoni, mbili pembeni, tatu machoni, mbili pembeni. Baadaye nikasoma kwamba Nicola Binetti na wenzake walipima watu karibu 500 kwenye jumba la makumbusho ya sayansi London, wakachapisha mwaka 2016, na wastani wa muda ambao watu huona raha kutazamwa ulikuwa kama sekunde 3.3. Nilifurahi kuona hesabu yangu haikuwa mbali! Lakini ndugu zangu, ukihesabu huwezi kusikia. Naondoka kwenye mazungumzo nikiwa nimefaulu macho na sijui rafiki yangu amesema mama yake anaumwa au amepona.

KandoYaDirisha (mleta uzi)

Ndugu yangu NatazamaSana, umeandika maisha yangu yote ya kazini.

Watu hudhani kuna aina moja tu ya macho ya mwenye usonji, yale yanayokimbia. Kumbe wapo wanaokodoa, wapo wanaotazama kwa pembe ya jicho, na wapo wanaotazama sawasawa na mtu mwingine yeyote, ambao huchelewa kugundulika kwa sababu daktari anasema "lakini unanitazama vizuri." Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo mara ya kwanza, nikarudishwa nyumbani. Nilikuwa nimetazama kovu dogo juu ya nyusi yake kwa dakika arobaini.

Nitaje na hili la mdomo, kwa sababu kuna wazazi wanaona mtoto anatazama midomo wanafikiri ni kasoro nyingine. Mwaka 2002 Ami Klin, Warren Jones na wenzao waliwaonyesha vijana na watu wazima vipande vya filamu huku kifaa kikifuatilia mwendo wa mboni. Wenye usonji walitazama macho kwa muda mfupi zaidi, na mdomo na vitu vya pembeni kwa muda mrefu zaidi. Hilo ndilo linalonukuliwa kila mahali. Lisilonukuliwa sana ni kwamba miongoni mwa wenye usonji, waliotazama mdomo zaidi walikuwa na maisha ya kijamii yenye nafuu kuliko waliotazama vitu. Mdomo ndiko maneno yanakotoka. Akitazama huko anakufuata.

MwalimuTulivu

Nafundisha watoto wadogo, wawili kati yao wana usonji. Macho nimeelewa. Nina swali la uso wenyewe. Je, mnaziona hisia? Mmoja wao mwenzake akilia anaweza kucheka, au kuziba masikio na kukimbia. Wenzake wanasema ana roho mbaya. Nami nakiri sijui niwaambie nini.

KandoYaDirisha (mleta uzi)

Mwalimu, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapoumizwa zaidi kuliko hata kwenye macho.

Ziko kazi kadhaa zilizofichwa ndani ya neno "kusoma uso". Kuiona sura imebadilika ni kazi moja. Kuipa jina, hii hasira, hii huzuni, ni nyingine. Kuguswa nayo ni nyingine tena, na kujua ufanye nini baada ya kuguswa ni ya nne. Mtu anaweza kukwama kwenye moja akawa mzima kwenye zilizobaki. Anayetazama kutoka nje anaona tu kwamba hukufanya lililotarajiwa, anakuandikia roho mbaya.

Kwenye kutaja jina la hisia, kwa wastani tofauti ipo. Mirko Uljarević na Antonia Hamilton walikusanya tafiti 48 mwaka 2013. Tofauti ilionekana, ila walipozingatia kwamba tafiti zisizoona tofauti mara nyingi hazichapishwi, ikapungua karibu nusu. Furaha ilitambulika karibu sawa kwa pande zote mbili, hofu ndiyo iliyosumbua zaidi. Halafu kumbuka vipimo vyenyewe. Unapewa picha iliyoganda, haina sauti, haina mwendo, ya mtu usiyemjua. Kuna kipimo maarufu cha Simon Baron-Cohen, toleo la mwaka 2001, chenye picha 36 za macho matupu, na kila picha ina maneno manne uchague moja. Nilikifanya. Nilikosa kadhaa kwa kutojua tofauti ya maneno, wala si ya macho. Nani maishani anakutana na macho yasiyo na pua wala sauti?

Sasa neno ambalo lilinibadilishia maisha: aleksithimia. Peter Sifneos alilitunga miaka ya 1970 kwa watu wanaoshindwa kutambua na kutaja hisia zao wenyewe. Unahisi tumbo limekaza, hujui kama ni njaa, hofu au hasira. Asiye na usonji naye anaweza kuwa nayo. Makadirio yanaiweka karibu nusu ya wenye usonji, dhidi ya kama 5% ya wengine. Geoffrey Bird na Richard Cook walipendekeza mwaka 2013 kwamba ugumu wa hisia tunaousukumia usonji ni wa aleksithimia inayotembea pamoja nao. Mwaka huohuo Cook na wenzake waliwapima watu kwenye nyuso, na kilichotabiri nani atashindwa kutambua hisia kilikuwa kiwango cha aleksithimia. Usonji peke yake haukutabiri.

Kwa hiyo wenye usonji wawili darasani mwako wanaweza kuwa tofauti kabisa, mmoja anasoma nyuso bila shida ila macho yanamchosha, mwingine hasomi hata moyo wake mwenyewe.

Huyo anayeziba masikio na kukimbia, mimi naona kilio kimempata kuliko wenzake. Kimemjaa. Anayecheka naye, huenda mwili umelipuka kwa mlango uliokuwa wazi. Nikiwa na miaka tisa nilicheka mbele ya mtu aliyeanguka akavunjika mkono. Nilicheka nikitetemeka, usiku nikatapika. Kicheko kile nimekumbushwa mara nyingi, na matapishi hakuyaona mtu.

Waambie wenzake kwa maneno mepesi: "Akisikia kilio mwili wake unashtuka, ndiyo maana anakimbia." Watoto wanaelewa upesi kuliko sisi. Yeye naye mwambie kwa maneno kinachotokea, usimwachie kwenye uso wako: "Mwenzako analia kwa sababu ameumia goti. Ukitaka unaweza kumletea kitambaa." Ukikunja uso na kutegemea ajue, umempa fumbo katikati ya kelele.

Mdadisi

Hilo la kuguswa nataka ulifafanue. Unajuaje kwamba mtu ana huzuni kama uso haukupi?

KandoYaDirisha (mleta uzi)

Nitatoa mfano mmoja. Ofisini kuna mwenzangu ambaye kila siku hutua begi mezani kwa mkono mmoja, linadunda. Siku moja alilitua kwa mikono miwili, taratibu, kama chombo kilichojaa maji. Hatua zake zilikuwa fupi. Aliposema "habari za asubuhi" sauti ilishuka mwishoni. Nilijua kuna jambo. Nilimwandikia ujumbe mfupi, "Leo uko sawa?" Akajibu kwamba kuna msiba kwao, na kwamba wengine wote wamemwona amependeza, kwa sababu alikuwa akitabasamu kwa nguvu zake zote.

Tabasamu lile liliwadanganya waliosoma uso. Mimi sikulitazama.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao hausemwi vya kutosha. Nyuso zetu sisi zinasomwaje? Mwaka 2012 Damian Milton, msomi mwenye usonji, aliandika kwamba kutoelewana ni kwa pande mbili. Asiye na usonji anashindwa kumwelewa mwenye usonji kama vile huyu anavyoshindwa kumwelewa yule, ila lawama hubebeshwa mmoja. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake waliwapa watu vipande vifupi vya wenye usonji wakijitambulisha. Waliowaona au kuwasikia, ndani ya sekunde chache tu, waliwapa alama za chini na hawakutaka hata kukaa nao karibu. Waliopewa maneno yaleyale kwa maandishi hawakuona tofauti yoyote.

Nilipousoma nilikaa kimya kwa muda mrefu. Maneno yetu yalikuwa sawa na ya wengine. Nikakumbuka usaili niliokataliwa kwa maelezo kwamba "hakuonyesha hamu ya kazi". Kazi ile niliitaka kuliko kitu chochote mwaka ule, na usiku wa kuamkia usaili sikulala kwa furaha. Uso wangu haukuipeleka furaha hiyo mbele ya meza. Daniel McIntosh na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba wenye usonji wanaweza kuiga sura ya furaha au hasira wakiombwa, ila ule mwigo unaojitokeza wenyewe, wewe unatabasamu na mimi najikuta nimetabasamu, hupungua. Misuli ipo. Haijiendeshi tu.

Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh walipanga watu kwenye mnyororo mwaka 2020, wa kwanza anasimuliwa hadithi, anampa wa pili, hadi wa nane. Mnyororo wa wenye usonji watupu ulihifadhi hadithi sawa na wa wasio na usonji. Uliochanganya ndio uliopoteza zaidi. Walipourudia kwa watu zaidi ya 300 na kuchapisha mwaka 2025, hata mchanganyiko ulifanya vizuri kama mingine. Kwangu hiyo ni habari njema zaidi: tukipewa nafasi, habari inapita, haidai macho.

NatazamaSana

Hapo kwenye usaili nimelia kidogo. Mimi siku hizi nasema mapema: "Nikiongea natazama pembeni, ndivyo ninavyofikiri vizuri." Sentensi moja, basi. Wengi wanasema sawa. Wawili watatu wamesema "hata mimi."

MwalimuTulivu

Nimeacha kusema "macho kwangu" darasani. Nasema "masikio kwangu". Kuna mtoto ambaye hana usonji wala chochote, ameniambia, "Mwalimu, sasa naweza kuchora huku nakusikia."

BabaWaPekee

Narudi, imepita wiki tatu. Samahani kwa kimya.

Zoezi la kidevu nimeliacha siku ileile niliyosoma. Mama yake alikuwa na wasiwasi, tukasoma uzi pamoja hadi mwisho. Tulichobadilisha ni kukaa. Zamani nilikuwa nakaa mbele yake. Sasa nakaa ubavuni, sote tunatazama upande mmoja, naongea nikiwa natazama ninachofanya. Siku nne za kwanza hakukuwa na kitu. Ya tano akaanza kunieleza habari za mabomba ya maji yanavyoungana chini ya ardhi, dakika ishirini mfululizo, sijawahi kupata maneno mengi hivyo kutoka kwake.

Jana nikamuuliza, naye akiwa amenipa ubavu: "Zamani baba akikushika kidevu, ulikuwa unaona nini?" Nikanyamaza kama ulivyosema. Nilihesabu hadi kumi na tisa. Akasema, "Macho yako yalikuwa makubwa. Sauti ilikuwa inaondoka."

Kisha akasema, "Sasa hivi ipo."

KandoYaDirisha (mleta uzi)

Kaka, nimesoma ujumbe wako mara tatu nikasimama dirishani.

Akikueleza tena habari za mabomba, muulize maji yanajuaje pa kwenda pale mabomba mawili yanapokutana. Nami ningependa kujua atajibu nini.